Kizito Mlangoni

Tela lilianza kutikisa mkia pale barabara inapoyaacha makaburi na kuanza kuteremka. Mwanzoni kidogo tu, kama mbwa anayejaribu kumkumbuka mgeni. Kisha likapamba moto, kushoto kulia, kushoto kulia, mpaka gari lenyewe likaanza kufuata mdundo. Shemeji aliung'ang'ania usukani kama mtu aliyeshika pembe za fahali. Kiti cha nyuma, mpakiaji wao Kamba alikuwa anamwita marehemu mama yake kwa jina. Na Bi Kwanini, aliyeketi pembeni ya dereva na mkanda umemkaba shingo, alikuwa amegeuka mzima mzima kutazama nyuma, macho yamemtoka kama anaoneshwa mazingaombwe.

"Ukikanyaga breki linazidi," alisema. "Umeona, shemeji? Ukikanyaga linazidi! Kwa nini?"

"Shemeji, ninyamazie nife kwa utulivu!" dereva alimfokea.

Hawakufa. Shemeji aliachia mafuta taratibu, akaliacha gari lichoke lenyewe, na tela likapunguza viuno kidogo kidogo mpaka likatulia kama vile halikuwa lile. Walisimama kando ya barabara, magurudumu ya upande mmoja kwenye nyasi. Vumbi likawafikia na kuwapita.

Shemeji aliteremka. Lilikuwa gari la juu, la kupanda milima, la rangi ya kijivu, na alilipenda kupita kiasi. Alikuwa mpima ardhi, na gari lile ndilo lililombebea vyombo vyake porini. Nyumbani alikuwa akiliita Binti, na mkewe, mdogo wake Bi Kwanini, hakupendezwa. Shemeji alilizunguka Binti mara moja, akapiga goti na kuchungulia uvunguni, akasimama akijipangusa goti.

"Nasema mara moja, sirudii," alisema. "Jumamosi ijayo nitawavuta tena kwa sababu nilitoa neno langu. Likicheza tena, hata kidogo, nalifungua hapo hapo, nageuza, narudi kwa mdogo wako. Mashine yenu mtajua wenyewe mtaibebaje."

"Haki yako, shemeji," alisema Bi Kwanini. Lakini alikuwa ameshachuchumaa kwenye kiungo cha gari na tela, anakikodolea macho.

Mashine iliyomo ndani ya tela ilikuwa ya kusaga nafaka. Wenyewe walikuwa watu walioachishwa kazi kwa mkupuo mmoja kwenye kinu cha Bwana Mizani, yule aliyekuwa akisaga, kununua na kuuza kila punje ya upande huu wa mlima. Jina la Mizani alipewa na watu, na halikuwa la heshima. Mizani yake ilikuwa na uso mmoja, na uso huo ulimtazama yeye. Mkulima aliweka gunia, Bwana Mizani akasoma, mkulima akaambiwa. Siku moja mwanamke mmoja aliyekuwa anashona midomo ya magunia uani aliuliza kwa sauti kwa nini mizani haigeuzwi ili na mwenye gunia aone. Msimamizi alicheka, akawaambia wapakiaji, "Huyu sasa ndiye Bi Kwanini." Wapakiaji nao wakacheka, kwa kuwa msimamizi amecheka. Siku iliyofuata Bi Kwanini hakuwa na kazi. Jina la kumdhihaki akaenda nalo nyumbani, akalivaa kama vazi la kutokea, na tangu siku hiyo hajalivua.

Wengine walifukuzwa baadaye, kila mmoja kwa kosa lake la kusimama wima. Walipokutana tena walikubaliana jambo moja: mashine imfuate mkulima alipo, mkulima asibebe gunia kwenda kunyang'anywa. Wakapata mashine kuukuu, wakapata tela la ekseli moja lenye bodi kama sanduku na milango miwili nyuma. Mashine yenyewe waliikaza sakafuni katikati. Injini ya dizeli haikukazwa nayo, kwa sababu ilikuwa na mtetemo wa kupasua ukuta: kila walipofika mahali iliteremshwa kwa mbao mbili, ikakaa chini, ikafungwa mkanda na kuizungusha mashine kutoka hapo. Kazi ikiisha, inapandishwa tena.

Ng'ambo ya mlima kulikuwa na soko la Jumamosi. Kamati ya soko iliwapa kiwanja kando ya birika la kunyweshea ng'ombe, pazuri, penye kivuli. Jumamosi ya kwanza tela lilicheza wakarudi. Jumamosi ya pili ndiyo hii, na leo nayo wanarudi. Na kamati ilikuwa imeshatuma salamu: Jumamosi ijayo asiyefika kiwanja si chake, kwa sababu lori la Bwana Mizani nalo limeomba.

Bi Kwanini alisimama kutoka kwenye kiungo akiwa na grisi puani.

"Kosa liko hapa tu," alisema. "Hii gololi ya kuvutia tela ni ndogo."

Na hapo, tuseme ukweli, alikuwa amekosea kama wenzake.

*

Duka la spea lilikuwa refu na jembamba, limejaa vyuma mpaka mlangoni. Muuza spea alikuwa kijana mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, na alikuwa na tabia ya kuweka kila kitu mezani kwa kishindo ili mteja asikie uzito wake.

"Mnavuta nini?"

"Kinu," alisema Bi Kwanini.

"Gari?"

Shemeji alimwonesha Binti kupitia dirishani, kwa kidevu, kama mzazi anayeonesha mtoto aliyefaulu.

"Hilo lina nguvu. Haya, nguvu ya kuvuta mnayo, kiungo ndicho hamna." Akaweka cha kwanza mezani, ti! "Gololi. Tela linakuja na kikombe chake, kikombe kinakaa juu ya gololi, unafunga. Linageuka kila upande, halina kelele. Watu wa nyumbani wanatumia hiki." Akaweka cha pili, ti! "Pini. Jicho la chuma linaingia hapa, pini inapita juu mpaka chini. Watu wa matrekta. Kina nafasi, kinagongagonga, ukiwa na meno mabovu utayajua." Kisha akainama chini ya meza, akanyanyuka amekikumbatia kitu kama mtoto mchanga wa chuma, akakitua mpaka kalamu zikaruka. "Na hii ni ndoano. Mdomo unafunguka, pete ya tela inaingia, mdomo unafunga. Hii hata vifaru vya jeshi huvutwa nayo."

Bi Kwanini alifungua mdomo wa ndoano, akaufunga. Akaufungua tena, akatia kidole.

"Mama, usitie kidole."

"Nataka kujua pete inakaaje. Inalala chini au inaning'inia?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Inategemea tela."

"Tela likoje?"

Muuza spea alimtazama Shemeji kama mtu anayeomba msaada. Shemeji alitazama dari.

"Nimeoa mdogo wake," alisema. "Kule ndiko nilikopata nafuu."

"Kwa hiyo hii ndoano itazuia tela lisicheze?" Bi Kwanini aliendelea.

"Itakuwa imara."

"Sijauliza uimara, mwanangu. Nimeuliza kucheza."

"Kikiwa imara kitachezaje?"

Hilo likawaingia. Kitu kikiwa kizito kinaonekana kina jibu. Wakatoka na ile ndoano, kwa ahadi ya kuirudisha kama haikuwakaa, Kamba ameibeba begani anatembea kama askari wa gwaride. Bi Kwanini peke yake alikuwa nyuma, anajisemea, "Inategemea tela. Inategemea tela."

*

Uwanja wa Fundi Cheche ulinuka chuma kilichoungua. Alikuwa mchomeleaji wa mtaa mzima, mageti, vitanda, fremu za madirisha, na mikono yake ilikuwa na madoa madogo meupe ya cheche za miaka. Ndiye aliyewafungia gololi ya kwanza, na kwa majivuno yake alikuwa ameipaka rangi nyekundu inayong'aa, kama ua kwenye makalio ya Binti.

Aliwaletea chai kwenye birika na vikombe vya bati. Bi Kwanini na Kamba walipokea, wakarudi nyuma hatua, wakaanza kunywa.

"Viti vile pale," alisema Fundi.

"Tuko sawa," alisema Kamba.

"Kila mkija mko sawa. Mnanichosha miguu yangu mimi."

Shemeji alikuwa ameketi zamani. Fundi aliigeuzageuza ndoano, akapiga mluzi.

"Hii mnataka kuvutia jumba? Itabidi nikate mkono wa tela, nichomelee pete, niongeze bamba kwenye chasisi ya gari..."

"Kwenye chasisi ya nani?" Shemeji alishtuka chai ikamwagika.

"Ya Binti. Matobo mawili tu."

"Matobo!"

"Shemeji, tulia, hatoi damu," alisema Kamba. "Na mimi nasema ndoano. Hiyo gololi ni ya kuvutia magodoro." Alikuwa mpakiaji mkuu wa Bwana Mizani miaka nenda miaka rudi, na jina la Kamba lilitokana na mafundo yake, ambayo hakuna aliyewahi kuyafungua bila kumwita. Aliushika mkono wa tela lililokuwa limesimama pale, limejaa kila kitu kama lilivyotoka njiani, akauinua kwa mkono mmoja, mkono wa pili kikombe cha chai. "Ona. Tela jepesi namna hii linatushinda? Kiungo tu hicho."

"Bado una nguvu, kaka," alisema Fundi.

"Nguvu? Hata shangazi yangu anaunyanyua huu. Tulilipakia vizuri, ndiyo maana."

Bi Kwanini alisikia maneno hayo na kuyaweka mahali. Fundi alilala chini ya gari, akafungua nati, akaitoa gololi ya zamani na kuitupa kwenye boksi la vyuma chakavu. Ikalia, ikabingirika, ikatulia na shingo juu.

"Rangi yako haijatoka," alisema Bi Kwanini.

"Rangi yangu haitoki ovyo."

"Huku juu haijatoka kabisa. Kama umepaka leo." Aliiokota. Aliizungusha karibu na macho, kisha mbali, kwa kuwa macho yake nayo yalikuwa yameanza kuchagua. "Lakini huku chini, chini ya kichwa hapa, karibu na shingo, ni chuma kitupu. Kimesuguliwa kikawa kama kioo. Fundi, kikombe si kinakaa juu ya gololi?"

"Kinakaa juu."

"Kikikaa juu kinasugua wapi?"

"Juu." Fundi alijiinua kwa kiwiko. "Lete hapa."

Akaitazama. Akaitazama tena. Akampa Shemeji, Shemeji akaitazama. Kamba hakuitazama, alikuwa bado anauinua mkono wa tela na kuushusha, anauinua na kuushusha, kujifurahisha tu.

"Kikombe hakikuwa kimekaa juu," alisema Shemeji polepole. "Kilikuwa kinavuta kwenda juu. Tela lilikuwa linataka kuninyanyua."

"Kwa nini linataka kukunyanyua?"

"Kwa sababu pua yake nyepesi."

"Kwa nini pua yake nyepesi?"

Wote walimgeukia Kamba, na mkono wa tela uliokuwa unapanda na kushuka kwenye kiganja chake kama kitasa cha mlango. Tangu walipolipata tela lile walikuwa wakijipongeza kwa wepesi huo. Kufunga ilikuwa raha, kila mtu alitaka kufunga.

"Mbona mnanitazama?" alisema Kamba.

Bi Kwanini alizunguka nyuma, akafungua milango miwili ya tela. Injini ya dizeli ilikuwa pale pale mlangoni, imekaa kama bibi kizee anayelinda nyumba, imefungwa mafundo ambayo hakuna awezaye kuyafungua. Kando yake, pipa la mafuta. Kando ya pipa, mawe ya chuma ya mizani. Mbele kabisa, kule puani, kulikuwa na chekecheke, maturubai na fagio.

"Kaka," aliita. "Nani alisema injini ikae hapa?"

"Hakuna aliyesema. Inakaa hapo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni nzito, bwana! Kizito mlangoni. Wewe hukuwa uani?"

Alikuwako. Na alipoyasikia maneno yale mawili aliuona ule ua wote: sakafu ya saruji iliyochimbika, unga uliotanda kwenye kope za watu, na msimamizi amesimama kwenye mlango wa lori na filimbi mdomoni. *Kizito mlangoni!* Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na kila mpakiaji aliijua kabla hajaonyeshwa choo kilipo. Vizito vipakiwe mwisho ili vitoke kwanza, wakati migongo ya watu ingali mizima, kabla ya filimbi ya chai. Kwa sababu baada ya chai watu walianza kuinama, na mtu aliyeinama Bwana Mizani hakuwa na haja naye. Sheria haikutungwa kwa ajili ya lori. Lori lilikuwa na magurudumu mengi kama miguu ya jongoo, halikujali kizito kiko wapi. Ilitungwa kwa ajili ya kukamua mgongo mpaka tone la mwisho, na tone hilo litoke mapema.

"Alitufukuza," alisema Bi Kwanini, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeokota kitu chini, si ya mtu aliyekasirika. Hasira ilikuja baadaye kidogo. "Alitufukuza, tukaondoka, tukafunga geti nyuma yetu. Na sheria yake tukaibeba. Tumeipakia wenyewe, kaka. Bila filimbi."

"Mimi nimepakia magari tangu wewe unanyonya," alisema Kamba. "Usinifundishe kupakia."

"Sikufundishi. Nakuuliza. Ukiweka injini mbele, kutatokea nini?"

"Itatoka mwisho!"

"Halafu?"

"Halafu..." Kamba alitazama geti la Fundi, kama anayetegemea mtu aingie na kumjibia. "Halafu itakuwa imetoka mwisho."

"Nani atapuliza filimbi?"

Kamba aliweka kikombe chini. Alisimama mbele ya mafundo yake kitambo, watu wakamwachia nafasi, maana kuna mambo mtu hasaidiwi. Kisha akaanza kufungua.

*

Sasa msidhani mambo yalinyooka hapo hapo. Watu wakigundua kosa lao hulikimbia kwa kasi mpaka wakalipita na kugonga ukuta wa pili. Walihamisha kila kitu mbele. Injini puani, pipa puani, mawe ya mizani puani, hata birika la chai la Fundi nusura liende. Fundi akairudisha gololi kwanza, baada ya kuipaka rangi upya, juu na chini. Ndoano ikabaki kwenye kivuli, mdomo wazi. Watatu waliushika mkono wa tela wakaushusha juu ya gololi, na Binti akashuka makalio, akainua pua, taa zake zikatazama juu ya miti.

Shemeji aliingia, akazunguka uwanja mara moja, akatoka jasho limemtoka.

"Usukani umekuwa kama wa gari la mtoto la kuchezea," alisema. "Nageuza, magurudumu ya mbele yananiuliza kama kweli. Hili ni gari au ndege?"

"Kwa hiyo uzito mbele mno nao ni ubaya," alisema Bi Kwanini, na badala ya kukunja uso alifurahi wazi wazi. "Kwa hiyo kuna mahali. Katikati ya pale na hapa kuna mahali!"

"Shemeji wewe ungekuwa mwanafunzi wangu ningejiuzulu."

Lakini Shemeji mwenyewe alikuwa ameshanogewa. Alifungua buti, akatoa pima maji yake ndefu ya kazini, akailaza kwenye sakafu ya tela, tone la hewa likakimbilia nyuma. Walitoa pipa puani, wakaliweka juu ya ekseli. Tone likasogea. Wakarudisha mawe ya mizani nyuma kidogo, tone likasogea tena. Kamba ndiye aliyekuwa kipimo cha pili: kila wakihamisha kitu, wanafungua, anainua mkono wa tela.

"Bado nainua na kuimba," alisema mara ya kwanza walipozidisha nyuma.

"Ukiimba si sawa," alisema Bi Kwanini. "Rudisha jiwe moja mbele."

"Sasa?" aliuliza jiwe lilipokaa.

Kamba aliinua. Mishipa ya shingo ikamtoka, meno yakaumana, uso ukawa kama anamkumbuka msimamizi.

"Imba!" Fundi alimwambia.

"Nitakuimbia... kaburini kwako," alisema Kamba kwa shida, akaushusha.

"Hapo," alisema Bi Kwanini.

Tone la hewa lilikuwa katikati ya mistari miwili. Fundi alichukua chaki ya mchomeleaji, akachora sakafuni mahali pa kila kitu, miguu ya injini, duara la pipa. Muuza spea alirudishiwa ndoano yake na Bi Kwanini mwenyewe, pamoja na maelezo marefu juu ya neno "inategemea", na inasemekana siku hizi kijana yule humwuliza kila mteja jinsi anavyopakia kabla hajainama chini ya meza. Kiungo kilichofaa, kumbe, walikuwa nacho tangu mwanzo. Fundi aliongeza tu minyororo miwili ya usalama, ipishane chini ya kikombe, ili kikombe kikikosea njia kidakwe.

*

Jumamosi ikafika, na wao wakafika makaburini. Mbele barabara ilizama. Shemeji alishusha gia. Kamba, kiti cha nyuma, alikuwa ameshika mkanda wake kwa mikono miwili. Bi Kwanini alikuwa amegeuka kama kawaida yake, magoti kwenye kiti, kidevu juu ya egemeo, anaitazama pua ya tela kupitia kioo cha nyuma.

"Mkanda, shemeji."

"Nikifunga sioni."

"Ukipaa ndiyo utaona?"

Akafunga, akageuza shingo tu. Walianza kuteremka. Kwenye kona ya kwanza tela lilifuata kama kondoo. Kwenye kona ya pili gurudumu moja lilipiga shimo, tela likaruka. Likatikisika mara moja, kulia. Bi Kwanini alisikia kidole chake cha mguu kikiking'ang'ania kiatu kana kwamba chenyewe ndicho breki. Akaisubiri ile ya kushoto.

Haikuja. Tela lilijirudi, likanyooka nyuma ya Binti kama limepigwa rula.

"Gusa breki," alinong'ona Bi Kwanini.

"Wewe una wazimu."

"Gusa kidogo tu. Nataka kujua."

Na kwa sababu hata yeye alitaka kujua, Shemeji akagusa. Mwendo ukapungua, tela likaegemea gololi kwa adabu, likatulia. Shemeji akagusa tena, safari hii bila kuombwa. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyerudishiwa gari lake, na Kamba kule nyuma akaachia mkanda, akasema, "Haya, sasa hata kufa siogopi," na Shemeji akamwambia kufa akafie kwenye gari jingine.

Sokoni watu walikuwa wameshapanga magunia kando ya birika la ng'ombe, kwa imani au kwa ubishi. Lori la Bwana Mizani lilikuwa limesimama ng'ambo, kwenye jua, injini inaunguruma. Dereva wake alilitazama tela likirudi kinyumenyume mpaka kivulini, akatema mate chini, na baada ya kitambo akaondoka.

Kamba alifungua milango, akaingiza mikono bila kutazama, kama alivyofanya maisha yake yote, kuikumbatia injini. Mikono ikakumbatia fagio. Alisimama hivyo, amekumbatia fagio, na kwa mara ya kwanza tangu Bi Kwanini amfahamu hakujua la kufanya na mgongo wake mzima. Walitoa turubai kwanza, wakatandika. Wakatoa chekecheke, wakatoa mizani, na mizani wakaiweka uso wake ukiwatazama wenye magunia. Injini ilitoka mwisho, polepole, kwa mbao mbili, na hakuna mtu aliyepuliza chochote.

Binti alipofunguliwa kutoka kwenye tela, Bi Kwanini alichungulia gololi. Nyekundu ya juu ilikuwa imefutika, chuma kinang'aa. Nyekundu ya shingoni ilikuwa nzima. Alipitisha kidole hapo, akakipangusa kwenye kanga, akarudi kazini.

Mwanamke mmoja wa soko aliwaletea chai wakati mkanda unafungwa. Walipokea, Kamba akarudi nyuma hatua, Bi Kwanini akarudi nyuma hatua, wakaanza kunywa. Magunia yalikuwa pembeni yao, yamejaa, laini, urefu wa kiti kabisa. Bi Kwanini alipiga funda la pili, akasita.

"Kaka."

"Nini tena?"

"Kwa nini tunakunywa chai tumesimama?"

Kamba alitazama kikombe chake. Akatazama magoti yake. Uani hapakuwa na benchi hata moja, na filimbi ya pili ilikuwa inafuata ya kwanza kabla chai haijapoa.

Kisha akavuta gunia moja, akalipigapiga, akajishusha juu yake taratibu, kama mtu anayejaribu kitu kisichokuwa chake.

"Sogea huko," alisema Bi Kwanini, akaketi kando yake.